Mkate Wenye Jicho

Jumapili, 26 Oktoba 2008

Naandika kwenye daftari la Dulia. Kurasa za mbele ni mapishi yake. Mchuzi wa mole, wali, dawa ya kikohozi. Nimeanzia nyuma ili nisimwingilie.

Dulia ni mke wangu. Alifariki Februari. Mapafu. Tumekaa pamoja miaka ishirini na sita, hapa hapa Iztapalapa, kwenye nyumba niliyoijenga kwa mkono wangu na ambayo haijaisha. Kibarua wa ujenzi nyumba yake haiishi.

Jumapili ijayo ni Siku ya Marehemu. Ndiyo mara yake ya kwanza kurudi. Jumamosi jioni wanaingia, Jumapili mchana wanaondoka. Lazima akute meza: picha yake, maji, chumvi, mishumaa, maua ya njano na vitu alivyovipenda. Marehemu akikuta meza kavu anakwenda kwa mwingine.

Leo gulioni nimekutana na Herminia, dada yake. Akaniuliza nimeandaa nini. Nikasema niko mbioni. Akacheka mbele ya muuza nyanya. Eti meza yake yeye ina ngazi saba. Eti mdogo wake hawezi kuipita mole ya dada yake aje kula chapati baridi za mahindi kwangu. "Shemeji, usijisumbue. Washa kamshumaa, ulale. Dulia atakuwa kwangu."

Akienda kwa Herminia mwaka wa kwanza, basi imetoka hiyo. Atazoea njia ile.

Nimefikiri njia nzima. Herminia ana mole. Lakini mimi najua Dulia alikuwa anasubiri nini.

Alikuwa anasubiri sinema. Ile ya bibi harusi aliyekimbia kanisani na farasi wa padri. Sehemu ya kwanza nilimletea mwaka jana, CD ya kuiba. Mtu kaingia ukumbini na kamera, karekodi. Vichwa vinapita, mtoto analia, mtu anatafuna bisi. Ikafika pale bibi harusi anatakiwa achague, mfuga farasi au muuza dawa. CD ikakata. Dulia akasema muuza dawa. Mimi nikasema mfuga farasi. Hospitalini, siku ya mwisho aliyoweza kuongea vizuri, hakuniuliza habari ya paa wala bomba. Aliniuliza kama sehemu ya pili imetoka.

Ilikuwa bado. Imetoka juzi Ijumaa.

Miaka ishirini na sita aliniomba nimpeleke sinema. Ukumbi wenyewe, giza, viti. Kila mara nilimwambia sinema ni ile ile, hapa nyumbani unavua viatu. Sikumpeleka. Hata mara moja.

Basi nikanunua sehemu ya pili kwa Fidencio. Fidencio ni kompadre wangu, tumesimamiana kanisani, ana kibanda cha CD gulioni. Jalada zuri. Bibi harusi, farasi. Nimeweka kwenye deki. Ni sherehe ya binti wa watu, anatimiza miaka kumi na tano, huko Toluca. Saa mbili za watu wanacheza. Nimeangalia yote. Nilidhani labda farasi atatokea.


Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemfuata Fidencio. Nimemwambia kompadre, umeniuzia sherehe ya watu. Akaniuliza chakula kilikuwaje.

Akasema yeye haangalii anachouza. Mwenye bucha anaonja kila ng'ombe? Na nakala nzuri ya hiyo sinema bado haijashuka. Jamaa wawili wanaorekodi wamekamatwa wiki hii. Nisubiri katikati ya Novemba. Nikamwambia Dulia haji katikati ya Novemba.

Akakuna kichwa. Alikuwa anakula kwetu kila Jumapili, huyo. Sahani mbili. Akainama chini ya meza, akatoa kamera ndogo, saizi ya kipande cha sabuni ya kufulia. Akasema nenda karekodi mwenyewe, kompadre, ila nakala ya kwanza ni ya kibanda.

Kisha masharti. Kaa nyuma, katikati. Usicheke. Usikohoe. Usipumulie mdomo. Na mlangoni wanapekua mifuko. Nikauliza sasa naiingizaje. Akasema hilo la kichwa chako, yeye mfanyabiashara tu.

Nimefanya mazoezi. Nimeiweka juu ya mfuko wa saruji, nikarekodi ukuta saa nzima. Ukuta umetoka vizuri sana. Umepinda. Dulia alisema umepinda tangu mwaka tisini na sita. Nilimwambia ni macho yake.


Jumanne, 28 Oktoba

Leo Mtakatifu Yuda Tadei, mwombezi wa mambo yaliyoshindikana. Nimebeba sanamu yetu kwenda kubarikiwa. Zamani alikuwa anabeba Dulia, mimi nabaki kitandani. Foleni mpaka barabarani. Sanamu ni nzito. Sikujua kama ni nzito hivi.

Nimemwomba nisikamatwe. Halafu nikaona haya. Mtakatifu wa watu unamwomba akusaidie kuiba. Nikamwambia si wizi wizi, ni kwa ajili ya marehemu. Hakujibu. Pua yake imemeguka.

Watu watatu nyuma yangu, Herminia. Akaniuliza naomba nini. Nikasema paa. Akasema hata Yuda Tadei ana mipaka yake.

Halafu akaniambia ameshaiona sinema ya bibi harusi. Ijumaa ile ile, na akina mama wa rozari, ukumbini, na bisi. Akaanza. Yaani shemeji, mwishoni yule bibi harusi... Nikaziba masikio. Mtakatifu nimembana kwapani. Nikaimba wimbo wa Bikira Maria, kwa nguvu. Watu wakageuka. Herminia akapiga ishara ya msalaba.

Nikijua kutoka kwake, itakuwa zawadi yake. Si yangu.

Nilipotoa vidole masikioni nikakuta anaongea kitu kingine. Eti miaka yote alikuwa anamwita Dulia waende sinema pamoja. Tiketi analipa yeye. Dulia anakataa. Anasema hapana dada, nitakwenda na Tello, ameahidi.

Tello ni mimi. Angenipiga beleshi ingeuma kidogo kuliko hivyo.

Njiani nimepita kwa mwoka mikate. Dirisha limejaa mikate ya wafu. Ya mviringo, mifupa ya unga juu yake, sukari. Mkubwa kuliko yote ni kama kofia. Nikasimama. Nikauangalia. Nikauona mpango wote, mzima, kama ramani ya nyumba.

Nimeununua, nimeuchimba kwa mwiko wa kupigia plasta. Makombo ya ndani nimekula. Chini tundu la mkono, ubavuni tundu la jicho, dogo kama kitufe cha shati. Taa nyekundu ya kamera nimeifunika kwa plasta ya kidonda. Kamera imeingia kama imezaliwa humo.

Kazi safi. Safi kuliko ukuta.


Jumatano, 29 Oktoba

Jumatano sinema ni tiketi mbili kwa bei ya moja. Nimechagua siku hiyo kwa ubahili. Sisemi uongo kwenye daftari la Dulia.

Ila leo kazini tulikuwa tunamwaga zege la paa. Zege halisubiri mtu. Likianza halisimami. Tumeanza alfajiri, ndoo begani, ngazi juu, ngazi chini. Saa tisa tumemaliza. Nimenawa uso kwenye pipa, nimevaa shati la mazishi, ndilo zuri nililonalo. Mkate nimeufunga kwenye kitambaa cha mezani cha Dulia.

Dirishani nimepewa tiketi mbili. Msichana kauliza mwenzako yuko wapi. Nikasema anakuja. Limetoka lenyewe.

Mlangoni ndipo mambo yalipo. Mhudumu mwanamke, mnene, umri kama wangu, kifuani ameandikwa Yadira. Akafunua kitambaa. Akasema baba, chakula cha nje marufuku. Nyuma yake tangazo la chakula. Pembeni tangazo lingine, kamera imepigwa mstari mwekundu, na maneno ya polisi.

Mdomo ukajiongelea. Nikasema mkate ni wa mke wangu. Amefariki Februari. Alitaka sana kuja hapa, sikumleta. Tiketi ya pili ni yake.

Nilikuwa nadanganya ili nipite. Halafu nikatafuta uongo uko wapi katika yale maneno. Haupo. Hilo ndilo lililonichanganya.

Yadira akasema yeye ana mama yake marehemu, mwaka wa tatu. Akauchukua mkate kwa mikono miwili. Akasema ni mzito. Nikasema una mayai mengi. Akanitangulia gizani, pole pole, kama yuko kwenye maandamano ya kanisa, mpaka mstari wa nyuma, katikati. Akauweka kwenye kiti cha kando yangu. Akautazama. Akaugeuza kidogo ukae kwa heshima. Akaondoka na machozi.

Nikaingiza mkono chini, nikabonyeza. Sikukagua. Fundi ninamjua.

Viti ni laini. Vinalala nyuma. Zulia limepanda mpaka ukutani. Nani alijua? Nimesema maneno mawili matatu kwa kile kiti kingine. Si ya maana.

Taa zikazimwa. Bibi harusi akatokea juu ya farasi. Farasi mkubwa kuliko nyumba yangu.

Halafu Yadira ananigusa bega. Taa zinawaka, ukumbi mtupu, mtu anafagia bisi. Akasema baba, imeisha. Nadhani nilisinzia kidogo mwishoni. Hapana shida. Mkate haukusinzia.

Mlangoni akanibusu shavu. Akasema mkeo huko aliko amefurahi. Mimi nimebeba mali ya wizi kwapani, nasema asante dada, Mungu akubariki. Nimetembea mpaka nyumbani. Sikutaka kukaa karibu na watu.


Ijumaa, 31 Oktoba

Fidencio amefuata nakala yake. Nilitaka tuangalie kidogo. Halafu nikasema hapana, wa kwanza kuona awe Dulia. Fidencio akasema sawa tu, yeye haangalii. Kanakili, kaondoka anapiga mluzi. Jaladani ataandika: safi kabisa, hakuna vichwa vinavyopita.

Nimepanga meza. Kreti tatu za bia, shuka nyeupe. Nimezipima kwa timazi. Zimenyooka. Ukuta nyuma yake umepinda zaidi sasa. Picha yake, ile anayocheka na mtu ambaye hayupo pichani. Maji. Chumvi. Sigara moja, aina aliyokuwa anavuta nyuma ya tangi la maji akidhani sijui.

Tivii kreti ya katikati. Kamera nimeiunganisha na waya.

Nimemwaga petali za njano kutoka barabarani mpaka mlangoni, ajue njia. Nikiwa nimeinama hivyo nikauona mlango. Niliahidi kuupaka rangi ya kijani. Mwaka tisini na tisa. Nikaenda nikanunua rangi, nikaupaka. Nimemaliza jua linazama. Ni mbichi. Atajua nimepaka leo. Atashika, atanuka, atajua.


Jumamosi, 1 Novemba

Herminia amekuja jioni kukagua. Sahani mkononi, imefunikwa. Akasema amenionea huruma. Akashika mlango, mkono ukawa kijani. Akaufuta kwenye petali.

Akaziangalia kreti. Akaiangalia tivii. Akauliza hii ni meza ya marehemu au nimefungua baa. Nikamwambia keti, shemeji. Leo utaona.

Nikawasha.

Giza. Nikasema ndio inaanza. Halafu ukatokea uso.

Si wa bibi harusi. Wangu.

Yadira alipougeuza mkate kwa heshima, aliligeuza jicho. Halikutazama sinema. Lilinitazama mimi, kutoka kile kiti cha kando. Mimi, mwanga unanipiga, bluu, njano, bluu. Saruji kwenye nyusi.

Nikarukia tivii nizime. Herminia akanidaka kiwiko. Ana mkono wa kukanda unga, huyo mama. Akasema acha.

Kwenye tivii nikaanza kuongea. Nayaandika kama yalivyotoka, daftari ni lake.

"Dulia. Ndiyo hapa. Viti vinalala. Kuna zulia, wewe, mpaka ukutani, hata hapa ungevua viatu. Nilikuwa mpumbavu. Si hela. Hata hela haikuwa. Nilikuwa nachoka tu, basi, nikasema kesho. Haya. Kaa vizuri. Inaanza."

Nikajiona nageuka mbele. Nikacheka mara moja. Macho yakafumba. Mdomo ukafunguka. Nikaanza kukoroma.

Saa moja na dakika arobaini. Sinema yenyewe huisikii. Ni mimi tu, kama mashine ya kuchanganya zege imeachwa na kokoto ndani. Mahali fulani humo kengele za kanisa zikalia. Bibi harusi ameolewa. Na nani, mimi nakoroma.

Nimeinamisha kichwa. Nikamwambia Herminia nimeharibu. Amchukue tu. Ana mole, ana ngazi saba. Mimi nimempa kreti na mwanamume amelala. Ndivyo nilivyompa miaka yote.

Nikamtazama Herminia. Anacheka, machozi yanamdondokea kwenye sahani.

Akasema: "We Tello, mjinga wewe. Huyu mdogo wangu amelala na mashine hii miaka ishirini na sita. Alikuwa akija kulala kwangu usingizi hauji. Ananiambia dada, kimya kinaniamsha. Sasa umemwaga maua ya nini? Na hilo koromo lako atalisikia huko huko aliko."

Akafunua sahani. Mole. Akasogeza kreti, akaiweka sahani katikati, mbele ya picha. Akasema haya, atakuja hapa, mimi wanakuja marehemu baba na mama, wananitosha.

Tumeangalia mpaka mwisho. Dakika ya tisini hivi nilijikuna pua. Zaidi ya hapo hakuna kilichotokea. Herminia kasema ni nzuri kuliko ile ya ukumbini.

Mlangoni akasimama. Sauti imeshuka. Akasema sinema bado ipo wiki ijayo. "Nenda Jumatano, shemeji. Tiketi mbili. Mkono mtupu. Kaa naye, uangalie kwa macho yako, urudi. Usifanye akili yoyote. Unanisikia?"

Nikasema nimesikia.


Jumapili, 2 Novemba

Fidencio kaja anahema kabla sijanywa kahawa. Nakala zote zimeuzwa kabla ya misa. Zote zimerudi baada ya misa. Watu wanadai walinunua bibi harusi, wamepewa mzee anakoroma. Nikamwambia jalada halikudanganya, hakuna vichwa vinavyopita. Kimoja tu, na hakipiti.

Moja haijarudi. Mjane wa mtaa wa pili kakatalia nayo. Eti ameiwasha akalala mchana kweupe, usingizi ambao hajaupata tangu mumewe aondoke.

Nimepita gulioni. Muuza nyanya kaniita, habari yako bibi harusi. Watu wakacheka. Nimenunua nyanya zake hivyo hivyo.

Saa sita mchana kengele zimelia. Wanaondoka. Nimekaa mbele ya kreti na kofia mkononi. Maji kwenye glasi yamepungua kidole kimoja. Sigara haipo. Fidencio anavuta, na alikaa pale pale asubuhi. Sijamuuliza. Sitamuuliza.


Jumatano, 5 Novemba

Herminia alisema niende mkono mtupu. Nimelifikiria jambo hili siku tatu, juu ya ngazi na chini ya ngazi. Ni ushauri mzuri. Ni mwanamke mwenye akili.

Lakini Dulia ameondoka Jumapili bila kujua kama ni mfuga farasi au muuza dawa. Nikienda nikaangalia peke yangu, nitajua peke yangu. Mwaka mzima. Ni haki hiyo?

Nimekaa nikapima kosa lilikuwa wapi. Halikuwa kwenye mkate. Kosa ni tundu moja.

Nimetoboa la pili, ubavu wa pili. Fidencio kaniazima kamera nyingine, kwa matusi, lakini kaniazima. Safari hii amesema lazima aangalie kwanza kabla ya kuuza. Hataangalia. Mkate ni ule ule, umekauka kama tofali, hata ukianguka hauvunjiki. Yadira augeuze anavyotaka. Jicho moja litamwona bibi harusi, jingine litaniona mimi. Dulia atachagua.

Nitakaa wima, mgongo mbali na kiti. Sinema inaanza saa kumi na moja, nimeshavaa shati.

Leo tulikuwa na zege la ghorofa ya pili, ndoo tangu alfajiri. Sijachoka hata kidogo.